Bandeji ya Mkono wa Kulia

"Tazama anavyolegeza hatamu," mzee aliyekaa nyuma ya Zuwena alimwambia mwenzake. "Huo ndio ustadi. Farasi anaruka kwa hiari yake."

"Binti ana mkono mwepesi," mwenzake akaitikia.

Zuwena hakugeuka. Binti huyo alikuwa mwanawe, na mkono wake wa kulia haukuwa umelegeza kitu. Ulikuwa umekufa ganzi tangu alipoanguka mazoezini juzi. Bandeji aliifungulia mlangoni mwa ukumbi wa mashindano, waamuzi wasiione, akamwachia mama yake ikiwa bado na joto.

Kilibaki kiunzi cha mwisho cha kuruka, kirefu kuliko vyote.

"Huyu haogopi kabisa," mzee akanong'ona.

Kwenye kona, binti akainua uso, akamtafuta mama yake. Zuwena akajikuta anaizungusha bandeji mkononi mwake mwenyewe, akiikaza, akiikaza, na kwato zikazidi kasi.