Bawa Katika Chumba cha Barafu

"Si nilikuomba mlango usiufunge!" Raiyana alifoka.

"Kwangu mlango wa chumba cha barafu hauachwi wazi," Bi Salha, mwenye kiwanda cha barafu, akajibu huku akiusukuma kwa bega ili ufunguke watoke. Mlango haukutikisika.

Raiyana alikuwa mhandisi, na alikiazima chumba kile ajaribu kipande cha bawa la ndege. Ukingoni alikuwa amebandika utepe wa shaba. Umeme ukipita, hewa juu yake huwaka zambarau, ukingo ukapata joto na barafu haishiki. Tangu asubuhi alikuwa akilirushia bawa manyunyu ya maji, na Bi Salha akimsimanga: "Wenzako wanaifuata barafu, wewe unaifukuza!"

Bawa lilikuwa kavu. Manyunyu yalikuwa yamegandia mlangoni na kuushikisha.

Raiyana akasonya. Jaribio lilikaribia kukamilika, lakini meno ya Bi Salha yalikuwa yakigongana. Akalichomoa bawa kwenye stendi, akauegemeza ule ukingo unaowaka kwenye upenyo wa mlango.

"Usiguse hapo."

Wakasubiri bila kutazamana. Tone la kwanza likateremka. Bi Salha akalikinga kwa kiganja.

"Barafu yangu hiyo," akanung'unika, huku akizidi kuusogelea mwanga.