Gari Bandani Zinga

Mwinyimvua aliporudi kutoka vitani Burma, alikwenda na mkewe kijiji cha Zinga, kwa mdogo wake, alikoliacha gari lake.

"Kaka, wallahi, tangu uondoke halijatoka bandani," mdogo wake aliapa.

Mwinyimvua akapiga hendeli ya kuwashia mpaka viganja vikachubuka. Gari likakohoa tu, likanyamaza.

Mkewe alisimama mlangoni. Siku zote alidai magari yanamtisha. Hili, alisema, hajapata hata kulipanda.

"Siku hizi haliwaki hivyo, bwana," akasema. "Zungusha nusu, uache, kisha piga kwa nguvu."

Akafanya hivyo. Gari likanguruma, banda zima likatetemeka.

Mwinyimvua alibaki ameinama, hendeli mkononi. Alipoinua macho, mdogo wake alikuwa akimtazama shemejiye, kidole juu ya midomo, akimwashiria anyamaze.