Madawati ya Kuazima

Haya ni ya wanyama, lakini msiharakishe kucheka.

Mwalimu Nungunungu alikuwa na wanafunzi mia moja na arobaini, ngiri, pimbi na panya, wote wamekaa chini vumbini, wakiandikia magotini. Aliposikia kwamba mkaguzi Korongo anakuja, alishukuru. Angalau sasa kuna mtu wa kuyaona haya kwa macho yake.

Lakini Mwalimu Mkuu Tausi, ambaye kwake sifa ndizo za kwanza, akakimbilia shule ya ng'ambo ya mto kuazima madawati yao yote.

"Mwalimu Mkuu, si anakuja kuona tunachokosa?" aliuliza Nungunungu, miiba imemsimama.

"Unataka tuaibike mbele ya mgeni? Beba dawati!"

Akabeba. Angefanyaje?

Korongo alifika na tembo wanne waliobeba madawati mapya. Akachungulia darasani, akatabasamu, akamwandikia Tausi barua ya pongezi. Kisha akawageukia tembo.

"Hapa hapana shida. Pelekeni mzigo ng'ambo ya mto. Nimepita kule asubuhi, watoto wa watu wamekaa chini!"

Jioni walimu wa ng'ambo wakaja kuchukua na yale ya kwao.

Tausi, barua kwapani, akamwuliza Nungunungu waibandike wapi.

"Usiibandike, Mwalimu Mkuu," alisema Nungunungu. "Itandaze hapo chini. Angalau mtoto mmoja asichafuke."