Mkutano Sebuleni kwa Bi Mashavu

Kitendawili! Haya, jibuni: nikimkirimu ananitoa nyumbani, nikimnyima najivua utu. Nani huyo?

Tangu hoteli zipande bei hata wataalamu wakashindwa kulala humo, mikutano yao hufanyika majumbani mwa watu. Kila sebule ina jicho dogo ukutani, linalohesabu furaha ya wageni. Nyumba ikiwapendeza mara tatu hugeuzwa ukumbi wa kudumu, na wenyewe huhamishiwa mbali.

Kwa Bi Mashavu, pale Tanga, walishapendezwa mara mbili. Leo wamekuja madaktari wa meno.

"Mke wangu," Mzee Kombo alimnong'oneza jikoni, "chai hiyo itie chumvi tusalimike. Humu ndimo tulimozalia watoto wetu wote."

"Nimesikia, baba. Nenda kawakaribishe."

Mzee Kombo akakaa pembeni, akingoja nyuso zikunjamane. Daktari mmoja mkongwe akanywa, akafumba macho, akaomba kikombe kingine na kaimati juu yake.

"Wewe si ndiye unayetukataza sukari?" wenzake wakamtania, wakaangua kicheko. Jicho ukutani likawaka kijani.

Mzee akarudi jikoni polepole. "Mashavu, chumvi ulitia?"

Bi Mashavu aliendelea kugeuza kaimati kwenye shira. Wageni wakaaga, wakamshika mikono na kumwita mama. Mlango ukajifunga wenyewe nyuma yao, jambo ambalo haujapata kulifanya. Ndipo akamjibu mumewe.

"Kijiko nilikishika, baba. Ila yule mkongwe alikuwa keshapiga hodi, nami nimekwisha kumwambia karibu."