Walii Asiyeonekana

Siku Zubeda alipoolewa, kivinjari cha baba yake kilikuwa kimekwisha kuondolewa huduma, na kwa hiyo sheria ilimhesabu Mzee Shaweji kuwa hayupo.

Alikuwapo. Alikaa mkekani na kanzu mpya, goti kwa goti na bwana harusi. Lakini watu sasa huona na kusikia kwa vivinjari walivyopandikizwa kichwani, na vipya havipokei tena sura wala sauti ya mwenye cha zamani. Naye aliyevuka miaka sitini hapandikizwi kipya.

"Nimekuozesha binti yangu," alisema, akimshika bwana harusi, Idarusi, mkono.

Kijana aliukung'uta mkono kama mtu aliyetambaliwa na mdudu.

"Walii wa kumwozesha bibi harusi yuko wapi?" kadhi aliuliza.

Aliyemsikia mzee ni dada yake tu, Bi Mwanaidi, mwenye kivinjari cha zamani kama yeye. "Punguza kelele, kaka," alimtania huku machozi yakimtoka. "Utawaamsha walio hai."

Mzee aliinuka akaenda chumbani kwa bibi harusi. Zubeda alikuwa amebadilishiwa kivinjari juma lile, maana bila kipya haolewi mtu.

"Mwanangu, nipo. Waambie."

Zubeda alitazama mlangoni, pale pale aliposimama baba yake, kisha akamgeukia somo wake, mwanamke aliyemfunda. "Baba bado hajafika?"

Kadhi akashika nafasi ya walii, akamwozesha Zubeda yeye mwenyewe.

Mzee Shaweji alikosa kauli ya kumwozesha mwanawe, akakosa mkono wa mkwe, na kwenye picha ya harusi mahali pake palionekana ukuta. Mwana alikuwa huyo mmoja tu.