Mche wa Sabuni

Petroli ilikuwa inavuja kwenye ufa wa tangi la mashine. Fikirini alishajaribu kuuziba kwa kitambaa, sasa anauziba kwa kidole. Mashine yenyewe, ya kusagia barafu, bado ilikuwa ya moto, na pale pembeni mama ntilie alikuwa anapepea mkaa.

"Zima jiko, mama!"

"Nizime, na wali haujaiva?"

Balozi wa nyumba kumi, aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kutafuta bidhaa zilizofichwa, akasimama kutazama. "Paka sabuni. Ufa wa tangi dawa yake sabuni."

"Sabuni iko wapi, Balozi? Si mtaa mzima tunafulia majani ya mpapai?" Fikirini akamjibu.

Petroli ikampita kidoleni, ikaanza kutambaa mchangani kuelekea jikoni.

Fikirini akakimbilia ndani. Akatoka na mche mzima wa sabuni, akaumega, akausugulia ufa kwa nguvu zake zote. Tone la mwisho likaning'inia, lisidondoke.

"Alhamdulillahi!" akasema, akijifuta jasho.

Mama ntilie alikuwa ameacha kupepea. Balozi alikuwa anautazama mlango ulioachwa wazi.