Kila Jina na Mstari Wake

Majina mawili yalikataa kuachana. Nasiha aliyaandika moja juu na jingine chini, akabonyeza Enta katikati kwa nguvu, kama mtu anayepigilia msumari. Alipoufungua ukurasa, yako pale pale, ubavu kwa ubavu: Rashid Safaa.

Mwaka huo wa 1999, pale Voi mjini, hakuna mwingine aliyejua kuandika programu ya kutoa kurasa za intaneti. Kadi hii ya harusi ilitakiwa saa sita. Nikaha ni alasiri, na ndugu wa bwana harusi walioko Maskati walitaka kuiona kabla. Bwana harusi mwenyewe angepita kuikagua.

Ndani ya programu kila jina lilikuwa na mstari wake. Aliona kwa macho yake. Kwenye ukurasa mistari yote imemezwa, maneno yamebanana kama mbuzi zizini.

Akampigia simu Donald, fundi wa Nairobi aliyemfunza kazi.

"Dada, hiyo Enta mnaijua wewe na programu yako," Donald alisema. "Ukurasa hauijui. Kwake ni nafasi tu, kama ya neno na neno. Uambie kwa lugha yake. Andika b na r, ndani ya mabano yenye pembe, hapo katikati."

"Kumbe."

"Lakini si uwaache tu pamoja? Kwani hawaoani?"

"Kila mtu akae kwa mstari wake."

Donald akacheka. "Wewe ukipewa ukadhi, Voi hakuna atakayeoa. Na picha ya bwana harusi umeweka?"

"Picha zake ziko nyumbani. Sikutaka kuzileta."

Akaandika b na r ndani ya mabano. Akaufungua ukurasa tena. Rashid juu, Safaa chini, na weupe mwembamba kati yao. Alikuwa amedhani akiuona ule weupe moyo utapoa. Aliukodolea macho mpaka herufi zikaanza kuogelea, na moyo haukupoa.

Saa sita kasoro bwana harusi akaingia na kanzu mpya, ananukia udi. Akasimama nyuma ya kiti chake, akasoma kadi yote polepole. Nasiha hakugeuka.

"Imekaa vizuri," alisema. "Mungu akulipe."

"Amin."

Akaelekea mlangoni. Mkono uko kwenye kitasa, akakumbuka jambo.

"Mama Ridha, waambie wanetu wasinisubiri. Kwenu nitarudi baada ya siku saba."